Nilivyopanda Rova kwa Mdomo

Siku ya kwanza nilikabidhiwa ufagio, si jembe. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini, katika hifadhi ya nyumba za kale hapa Stockholm. Mimi nilikuwa mtu wa mkonge wa Tanga, darasa la tatu, niliyefika huku kwa kupika melini. Vijana wenye vyeti, sikilizeni: miaka miwili baadaye shamba zima lilikuwa mkononi mwangu.

Shamba hilo liliiga kilimo cha watu wa kale waliofyeka msitu, wakachoma magogo, wakapanda katika majivu. Zao lao lilikuwa rova, mzizi wa mviringo kama figili nene. Mbegu yake ni vumbi tupu. Ukiimwaga kwa mkono inalundikana. Kwa hiyo mpandaji aliitia mdomoni, akatembea akiitema.

Mpandaji wetu alipostaafu, Mkuu wa Bustani aliuliza nani atajaribu. Nikatupa ufagio. Nikajaza mdomo kama niko karamuni. Mbegu zikalowa mate, zikatoka madonge. Miche ikaota mafungu mafungu, kama kichwa kilichonyolewa gizani.

"Bwana wa mkonge," Mkuu akasema, "umepanda au umetapika?" Wenzangu wakaangua kicheko. "Kimebaki kipande kimoja. Ukikiharibu, unarudi kufagia, na hapo ndipo utakapozeekea."

Nyumbani Skärholmen, kitongoji cha pembeni mwa jiji, nikatandika shuka sebuleni, nikafanya mazoezi kwa haradali ya jikoni. Mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Zuhura, kwetu mtu akitema hivi anasomewa dua."

"Niache, Mama Zuhura. Natafuta cheo."

"Basi kitafute nje, mimi nimeshafagia."

Siri niliigundua mwenyewe, hakuna aliyenifundisha: weka mbegu chache kwenye ncha ya ulimi, zisilowe, kisha toa pumzi mguu wa kushoto unapogusa chini. Kipande kile kiliota sawasawa kama jamvi. Mkuu akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye miche.

"Nani amekufundisha?"

"Mdomo wangu."

Akanipa ufunguo wa ghala la mbegu. Tangu hapo, kila msimu wa kupanda, wageni waliziacha nyumba za kale wakaja kunitazama mimi. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa.

Miaka ikapita, halafu mgongo ukanikatalia kuinama. Nilimwomba Mkuu mpya anibakizie kupanda tu, maana kutema hakuhitaji mgongo. Akajibu, "Sina nafasi ya nusu mfanyakazi." Nikastaafu nikiwa na miaka hamsini na miwili.

Juni hii nilisimama kwenye uzio na binti yangu. Mfanyakazi mpya alikuwa akipanda kwa kopo lenye matundu.

"Pappa, nu går vi," Zuhura akasema, akinivuta mkono twende zetu.

Sikuondoka. Majivu yalikuwa bado yananukia. Pale penye jiwe kubwa mimi nilikuwa nakata pumzi, nageuka, natema tena. Yule mfanyakazi alilizunguka, akapita. Nyuma ya jiwe pakabaki patupu, bila mbegu, na mimi nilikuwa hatua nne tu kutoka pale.