Kila Ikifika Usoni pa Dimitri

Skrini ikawa nyeusi tena.  Blandine Mianda aliondoa mkono kwenye kipanya, akangoja kompyuta ijiwashe yenyewe, kama ilivyokuwa ikifanya tangu Alhamisi, siku ilipowekewa kadi mpya ya picha.

"Inaanguka palepale," Mama Mado akasema nyuma yake. "Pale mutoto anatokea."

Mama Mado alikuwa shangazi wa marehemu. Familia ilimtuma aje kuchukua filamu, naye aliketi kwenye kiti cha plastiki cha wateja wa studio ya Blandine, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa hospitalini. Dimitri, mtoto wa kaka yake, alifunikwa na shimo alimokuwa akichimba, na udongo haukumrudisha. Alasiri hiyo ndugu wangekusanyika kwa mama yake kwa kilio kisicho na jeneza wala kaburi. Wachimbaji wenzake walimletea Blandine simu zao, kila moja na kipande chake: Dimitri anaosha mawe, Dimitri anacheza ngoma na ndoo kichwani, Dimitri anacheka mdomo umejaa bukari, ugali wa nyumbani. Blandine alivishona vipande hivyo. Kilichobaki ni kompyuta kuviunganisha viwe filamu moja, kazi ambayo huitoa mashine jasho. Na kila ilipofika katikati, penye kile kicheko, ilizima.

Jana yake Blandine alikwenda kumwona mama mfiwa, Mama Mujinga. Mama yule hakuuliza habari za picha wala sauti. Aliuliza neno moja tu: "Nitamuona?" Blandine akajibu, "Utamuona, mama." 

"Ni umeme?" Mama Mado aliuliza.

"Apana," René akajibu kutoka sakafuni. Ndiye fundi aliyeiweka kadi, na tangu asubuhi alikuwa amechuchumaa na bisibisi yake. "Leo umeme ya bwawa ya Nzilo iko na adabu."

Alikuwa amekwisha kutoa vijiti vya kumbukumbu na kuvirudisha. Alikuwa amebadilisha lile sanduku linaloilisha mashine umeme, akaleta la kwake. Kila mara aliilaza kompyuta ubavu, mbavu wazi, akaijaribu, nayo ikaenda kama maji. Kila mara alipoifunga, Blandine aliirudisha mahali pake chini ya meza, akaianzisha filamu, nayo ikafa.

"Kadi iko mugonjwa," René akasema. "Bale ba mupaka ya Kasumbalesa balikuuzia maiti."

Akauma midomo. 

"Uache kadi," Mama Mado akasema taratibu. "Kadi haina roho. Mi naona mwenyewe anakataa. Hajazikwa, na munataka acheke mbele ya bantu?"

"Mama Mado..."

"Ikianguka mara ingine, nitaambia familia tuache. Ndugu ba Tenke banapaswa kurudia kwabo mbele ya giza. Tutaomba, tutafunga, basi."

René alijifuta mikono, akasema anakwenda kwa rafiki yake kutafuta kadi nyingine. "Usiiguse mpaka nirudi," akamwambia Blandine. Pikipiki yake ikanguruma, ikapotea.

Blandine aliinama ili aizime kabisa. Kiganja chake kikagusa ubavu wa kompyuta, naye akakirudisha haraka. Ulikuwa wa moto kama ubavu wa sufuria.

Akachuchumaa, akatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akaona mikono yake ilichokuwa ikifanya.

Katika Kolwezi, mji wa migodi, kila mwenye mashine huivika. Upepo wa upande wa Kingamyambo, penye malundo ya taka za mgodi, huleta vumbi laini linalopita hata penye tundu la ufunguo. Friji huvalishwa shuka, redio hushonewa kanzu. Blandine aliivika kompyuta yake soksi ndefu ya nailoni, ile ya kuvaa misani, akaivuta juu ya matundu ya hewa ili ichuje vumbi. Mashine ya zamani iliishi nayo miaka, haikukohoa. Alhamisi, kwa kuiheshimu kadi mpya, alikunja soksi mara mbili na kuongeza kitenge juu. Na leo, kila René alipofunga, yeye aliivika upya bila kufikiri, kama mama anavyomfunga mtoto kifungo. René aliona, wala hakushangaa. Za kwake dukani zilivaa vilevile.

"Ikiwa wazi inaishi," Blandine akasema polepole. "Ikivaa inakufa."

"Unasema nini?"

"Nisaidie kushika hapa, mama."

Akavuta kitenge. Akavuta soksi, ikatoka na manyoya ya vumbi.

"Sasa unavulisha machine nguo?"

"Inakosa pumzi. Hii kadi inafanya moto mingi kuliko ile ya zamani."

"Na vumbi?"

"Ikule vumbi. Leo ikule."

Akaiweka juu ya meza, ubavu mmoja wazi, akaianzisha filamu. Feni zikavuma. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa skrinini. Mama Mado alisimama, mkoba ukaanguka, hakuuokota.

"Inafika," akanong'ona.

Mstari ulifika penye kicheko. Ukakaa.  Kisha ukasogea, kidogo, ukasogea tena.

Nje lori likapita, na wingu jekundu likaelekea mlangoni. Kabla Blandine hajainuka, Mama Mado alikuwa amekwisha kufungua kitenge chake cha mabegani na kukitandaza mlango mzima, mikono miwili juu, mgongo kwa barabara.

"Endelea," akasema. "Hapa mi nazuia."

Alasiri, televisheni iliwekwa uani juu ya meza, mahali ambapo jeneza lingekaa. Dimitri alipotokea na mdomo umejaa bukari, wanawake walitoa kilio kile kinachotolewa mwili unapoingia getini. Mama Mujinga hakulia. Aliinuka, ndugu wakampisha, akaweka kiganja juu ya kioo, shavuni pa mwanawe, ambaye alimwita tata, yaani baba, kwa heshima ya baba yake mwenyewe, tangu siku alipomzaa.

"Umerudia, tata," akamwambia. "Sasa lala."