Vitabu Nilivyomchagulia Mchwa

Shemeji yangu aliwanywesha wanawe maji waliyonawia miguu.

Si mara moja. Ndiyo ilikuwa ratiba ya nyumba.

Na vitabu alivyojifunzia kazi hiyo nilimchagulia mimi, kwa mkono wangu huu.

Tulia nikueleze. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Mimi nauza vitabu vya mtumba. Meza yangu iko chini ya ngazi za jengo la zamani. Kulia fundi viatu, kushoto ukuta. Shule niliiacha mapema, lakini kitabu ambacho sijakisoma hakikai mezani kwangu. Nitamuuziaje mtu kitu ambacho sijakionja?

Wala sisemi "hiki kizuri, chukua." Mimi nasimulia. Naanza mwanzo, nakwenda, nakwenda, nikifika pale mteja anapoacha kupepesa macho, nafunga mdomo.

"Ehe, ikawaje?"

"Ikawaje imo humo ndani. Nunua."

Mwisho wa kitabu sikuwahi kumwambia mtu. Ndiyo riziki yangu hiyo.

Mteja wangu mkubwa alikuwa shemeji, mume wa mdogo wangu wa kike. Mtunza stoo wa kiwanda cha rangi, mtu wa suruali iliyonyooshwa. Fundi viatu alimpachika jina la Mchwa, kwa jinsi alivyomaliza karatasi.

"Funika meza, Mchwa huyo anakuja!"

Mchwa anacheka, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma. Nilijivunia. Ukoo wetu hauna msomi hata wa dawa, leo tuna shemeji anayetafuna vitabu kama karanga.

Siku moja akaniambia, "Shemeji, mapenzi yamenichosha, na wapelelezi wote ni walewale. Nipe kitu kizito."

Nikampa dunia iliyoharibika.

Cha kwanza: mji umekauka, bomba limebaki moja, na familia moja imelikalia. Cha pili: nchi ambayo jirani anamchongea jirani, na mtoto akimchongea mama yake anapewa sukari. Cha tatu, ninachokipenda kuliko vyote: ugonjwa umefagia watu, waliobaki wamejifungia shimoni, chakula kinapimwa kwa kijiko, na mkubwa wao kavaa ufunguo shingoni.

Akavimeza. Akarudi na maswali.

"Yule mwenye ufunguo, unadhani alikosea wapi?"

"Alikosea kuwa shetani."

"Hapana. Alikosea kumwamini mpishi."

Fundi viatu alicheka mpaka akajichoma sindano. Na mimi nikacheka. Nilidhani ndiyo utani wa wasomi.

Siku nyingine akaja na ombi. "Nitafutie ambacho mkubwa anashinda mpaka mwisho."

"Hakuna. Nani ataandika uchafu huo?"

Akakunja uso kama mtu aliyeuziwa kiatu cha mguu mmoja.

Hapo katikati mdogo wangu akaacha kupokea simu. Namuuliza Mchwa, ananijibu, "Mafua, shemeji. Sauti imekauka kabisa."

"Na watoto?"

"Nao hivyohivyo. Usije, utaambukizwa."

Basi, nikakaa.

Jumamosi moja mchana fundi viatu, ambaye anakaa nao mtaa mmoja, akaniuliza, "Dada yako karudi?"

"Karudi kutoka wapi?"

"Si walisafiri? Mchwa katuambia kampeleka shamba, yeye na watoto wote wawili."

Njia ya mwongo ni fupi. Nikaokota kitabu kimoja cha kisingizio, meza nikamwachia fundi, nikaondoka.

Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa magunia, kwa ndani. Bomba la uani limevishwa kufuli. Nikagonga mpaka mlango ukafunguka, na Mchwa huyo hapo, shavu limejaa, anang'aa.

"Shemeji! Umeleta kipya?"

Nikampita.

Harufu ilinipokea kabla ya watu. Unajua kitambaa cha deki kilichosahauliwa ndani ya ndoo? Sasa weka na samaki aliyeoza.

Mdogo wangu alikuwa amekaa sakafuni na wanawe. Gauni lilimning'inia kama limeanikwa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Hebu nipe maji ya kunywa, jua limeniua."

Akamtazama binti yake. Binti akamtazama mdogo wake wa kiume. Hakuna aliyeinuka.

Kisha binti akasema, "Mjomba, maji yamo kwenye beseni. Tumenawia miguu tu, halafu mama kayachuja."

Alisema hivyo, kama mtoto mwingine anavyosema chai iko mezani.

Nikachungulia. Maji yana rangi ya matope, juu utando wa jasho, unywele mmoja, na kipande cha ukucha kinaelea. Yule mdogo akachota kikombe, akanywa mbele yangu, akajifuta mdomo.



"Usishangae, shemeji," Mchwa akasema, mikono nyuma. "Haya ni mazoezi. Siku maji yakiisha wengine watakufa, wangu watakuwa wamezoea. Na anayenipa taarifa kwamba mwenzake kaiba maji ya bombani, siku hiyo anapata kikombe safi."

"Kuna aliyewahi kukipata?"

Binti akainamisha kichwa. Mama yake akamshika mkono.

"Mwache, kaka. Alikuwa na kiu."

Mchwa alikuwa amenisogelea, na pumzi yake ikanifika usoni. Vitunguu vya kukaanga. Nyama. Na pale kwenye kola, kamba. Kwenye kamba, ufunguo.

"Chumba kile kina nini?"

"Akiba ya familia."

"Fungua."

"Utaratibu hauruhusu..."

Nimebeba maboksi ya vitabu tangu ujana. Bega langu halisomi utaratibu. Mlango ukaenda na bawaba zake.

Mbele kulikuwa na akiba kweli: samaki wakavu walioota ukungu kama manyoya, unga unaotembea wenyewe, ndoo ya mafuta ambamo panya kafia. Hiyo ndiyo iliyopimwa kwa kijiko, ikapelekwa kwa watoto.

Nyuma ya pazia kulikuwa na chakula chake. Jiko la gesi, madumu ya maji safi, kiti chenye mto, taa ya kusomea. Na mifupa, imelambwa ikang'aa, imefungwa kwenye karatasi.

Karatasi zangu nazijua. Nikakunjua moja, mafuta yakanichuruzika mkononi. Ilikuwa ukurasa wa mwisho wa kile kitabu cha shimoni. Nikakunjua nyingine: mwisho wa kile cha bomba. Vyote alivikata kurasa za mwisho, kwa rula, akafungia mifupa.

Nikarudi sebuleni.

"Mdogo wangu, huyu alikuwa anawasomea vitabu?"

"Kila jioni."

"Vinaishaje?"

"Wanaotoka nje wanakufa wote, kaka. Kila kitabu ni hivyo."

Hapo nikaelewa kufuli lilikuwa wapi hasa.

Nikakaa sakafuni, nikafanya ambacho sijawahi kumfanyia mteja. Nikawasimulia mwisho.

Nikawaambia kuwa mpishi anauiba ule ufunguo. Watu wanapanda ngazi wanalia, wanajua wanakwenda kufa. Wanasukuma mlango, wanakuta majani yameota zamani, mvua inanyesha, na mkubwa wao alikuwa anajua siku zote. Nikawaambia kuwa katika ule mji uliokauka, wanawake wanakuja na michi, wanavunja ukuta wa bomba, na maji yanawafika magotini.

"Usiwaambie mwisho!" Mchwa akapiga kelele. "Shemeji, nakuomba, mwisho usiwaambie!"

Mlango nilipouvunja hakupiga kelele. Hapa ndipo alipolia.

Yule mdogo akauliza, "Mjomba, waliotoka walikunywa?"

"Walikunywa mvua ileile, kwa viganja."

Mdogo wangu akasimama. Akalifunga gauni fundo kiunoni, akashika watoto huku na huku, akaenda mpaka mlangoni aliposimama mumewe.

"Baba watoto, pisha."

Akapisha. Hakusukumwa wala kupigwa. Jitu zima lenye ufunguo, likapisha. Nikamtemea mate miguuni, na sijutii.

Sasa somo. Watu wanadhani anayesoma sana lazima ni mwema. Acheni hizo. Wengine wanasoma kazi ya shetani, wanaona ajira. Ukimpa mtu kitabu cha uovu, muulize kampenda nani humo ndani. Akikujibu, mwamini.

Na hasara ni hii. Mdogo wangu: mimba ya miezi minne, ambayo hakuwa amemwambia mtu. Mwanawe wa kiume: figo moja. Binti: mpaka leo hali chakula mbele ya mtu yeyote, hata mama yake.

Mchwa: hata kilo moja hakupungua.