Utomvu wa Mti wa Chiriku

Katika karakana ya kupikia utomvu, mtu akisahau aproni atavumiliwa, lakini pamba za masikio hasahau. Utomvu wa miti iitwayo misikizi una maneno ndani yake. Ile miti ya Msitu Mzee ina majani yaliyokunjika kama viganja vinavyokinga maji, na ukungu unaposhuka asubuhi miti huunywa pamoja na kila sauti iliyomo: mlio wa hondohondo, kikohozi cha mkata kuni, ugomvi wa mke na mume waliodhani wako peke yao. Sauti huzama ndani ya gome ikakaa. Nondo weupe huijua ilipo. Hutaga mayai palepale, na viwavi wao ndio wanaotoboa vitundu ambamo utomvu hutokea. Ukiupika, maneno hupanda na mvuke mara moja tu, basi. Kinachobaki sufuriani ni gundi ya kuzibia mapipa.

Ndiyo maana ya pamba. Si adabu kusikiliza mambo ya watu.

Mama Chiriku alipikia sufuria ya pembeni, karibu na dirisha. Jina hilo alipewa kwa ajili ya bintiye, aliyeanza kusema hata kutembea hajajua vizuri, na tangu aanze hakunyamaza. Enzi hizo mama alikuwa bado mkingaji, anayetundika makopo msituni, na mtoto alikwenda naye. Akachagua msikizi mmoja mnene kando ya kijito, akauhadithia kila kitu, hata kwamba kuku amemkanyaga kwa makusudi.

"Mambo ya nyumbani usiyamwage kwa miti, wewe!" mama yake alimkanya.

"Sijayamwaga. Nimeuambia kimoja kimoja."

Homa ilimchukua mtoto wakati wa masika.

Kwa watu wa msitu ule, mtu akifariki, aliyemzaa huchana kipande cha nguo ya marehemu akaufunga nacho mti uliomsikia. Mti uliofungwa hakuna mkingaji atakayeugusa. Asubuhi za ukungu mzito wafiwa huenda wakabandika sikio kwenye gome, wakamsikia mtu wao, miaka na miaka, mpaka mti ufe kifo chake.

"Wifi, twende," dada wa mumewe alimwambia. Huyu alipikia sufuria ya jirani. "Nitakushika mkono, wewe kazi yako kufunga tu."

"Kesho."

"Kesho yako hiyo haichi? Kila siku kesho."

"Nguo zake bado zinamtosha," alisema Mama Chiriku. "Nitazichanaje?"

Wapishi wengine wakamkonyeza wifi anyamaze. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Chiriku mwenyewe alijiambia kwamba mti hauna miguu, hauendi popote. Kuufunga ni kukubali, na yeye alikuwa bado hajakubali.

Sasa, wifi yake alikuwa na ugonjwa mmoja: pamba alizitia nusunusu. "Leo nimempika bwana anayemsengenya mama mkwe wake," angesema, akicheka mpaka mwiko unamdondoka. Wenzake walimfokea, kisha wakasogea karibu wamalizie kusikia.

Siku moja yaliletwa makopo ya upande wa kijitoni. Mama Chiriku alimimina nusu ya kopo moja, akakoroga, akili yake haipo. Alipoinua macho alimwona wifi yake amesimama kama nguzo, utomvu wa moto ukimdondokea mguuni, naye hana habari. Mama Chiriku alidhani ameungua. Akaachia mwiko amwendee, lakini wifi akamwahi, akamnyofoa pamba masikioni.

"…nibebe. Mama, nibebe. Miguu imechoka."

Mvuke ulikuwa unapanda mwembamba kutoka sufuria ya Mama Chiriku. Ikaja sauti ya mwanamke anayehema, makopo yakigongana: "Tembea, mwanangu. Umeshakuwa mkubwa. Huoni mama ana mzigo?"

"Basi nibebe kidogo. Mpaka pale kwenye…"

Ukakatika. Mama Chiriku aliukumbatia mvuke kwa mikono miwili, akaungua, akaukumbatia tena, mpaka wapishi wakamvuta nyuma. Sufuriani gundi ilikuwa inatoa mapovu.

Mkingaji aliyeleta makopo, mzee waliyemwita Kobe, aliitwa akaja mbio, mara ya kwanza kuonekana akikimbia. "Niliuzunguka ule mti, binti yangu," alisema. "Niliuzunguka, nikautazama juu mpaka chini. Haukuwa na kitambaa." Mama Chiriku akatikisa kichwa tu. Angemlaumu nani?

"Kopo lina nusu bado," wifi alisema, akifuta machozi kwa ncha ya aproni. "Lakini mti ukishakingwa hausemi tena, na utomvu huu utaganda kabla jua halijatua. Ukiganda, ndiyo basi. Nenda nao nyumbani."

Alilibeba kifuani. Njia nzima alitafuta akilini jambo moja: siku ile, alimbeba au hakumbeba? Mzigo aliukumbuka, na kamba ilivyomkata bega. Lakini uzito wa mtoto juu ya mzigo, hapana. Labda jibu lilikuwa humu. Akatamani aupike peke yake, mlango umefungwa.

Mumewe alikuwa kibarazani, anatia jembe mpini. Alikuwa ameondoka kwenda kuchimba barabara mtoto akijua "ba" tu, akarudi mazishi yamekwisha. Watu walipomsimulia jinsi bintiye alivyokuwa msemaji, aliitikia kwa adabu, kama anayehadithiwa harusi asiyoihudhuria. Mama Chiriku alimtazama kisogo. Kisha akamwita ndani.

Walichutama pande mbili za jiko. Utomvu ukachemka, nondo mmoja akazungukazunguka juu yake, na mvuke ukapanda.

"Baba yangu anachimba barabara," sauti ikasema, karibu kabisa, kama mtu yuko kati yao. "Ndefuu. Akiimaliza atapita juu yake, aje. Wewe mti huna baba? Pole. Tutatumia wa kwangu."

Kisha hondohondo, na maji ya kijito, na basi.

Mume akainama juu ya sufuria. "Ndiyo sauti yake?"

"Ndiyo hiyo."

"Nyembamba hivyo?" Akaziba uso kwa viganja, mabega yakamtikisika.

Mama Chiriku alingoja atulie. "Kwenye ile nusu ya kwanza aliniomba nimbebe," akasema. "Sikumbuki kama nilimbeba."

"Ulimbeba."

"Wewe hukuwepo."

"Sikuwepo," mume akakubali, na wakabaki wamechutama vilevile, jiko likiendelea kuwaka chini ya sufuria.