Uji wa Kungumanga Siku ya Hina

Nimewapima watu presha kwa miaka mingi, na jambo moja nimelijua vizuri: moyo hauna lugha. Unakwenda mbio tu, na kichwa ndicho kinachotafuta sababu. Nacho ni kivivu, hushika iliyo karibu. Namjua mwanamme aliyepanda ngazi za nyumba yetu ya Mji Mkongwe kuja kuleta salamu tu, akafika juu anatweta, akafunguliwa mlango na jirani yetu, akaamini kuwa amependa. Wameoana, na bado anatweta.

Elimu hiyo niliitumia kumlipizia kisasi binti wa mama yangu mdogo. Simsingizii shetani. Nilikusudia.

Nilipokuwa msichana nilizimia mara moja, mwezi wa Ramadhani, kwa jua na tumbo tupu. Tulikuwa wawili njiani, mimi na yeye, na yeye ndiye aliyenimwagia maji. Mwaka uleule nikaposwa, kisha posa ikavunjwa bila ya neno. Baadaye nikasikia kinachosemwa: yule binti ana kifafa. Wachumba waliofuata nao wakakisikia, na mimi nikabaki kwetu. Aliyeniona nimeanguka alikuwa mmoja tu, lakini sikuwa na ushahidi, na yeye kila Idi alikuwa akinibusu mashavu yote mawili.

Mwaka jana alimwoza binti yake, nikajitolea kupika uji wa siku ya hina. Kwetu uji huo hutiwa kungumanga, kidogo tu, cha kuondoa haya, ili hata bibi mwenye heshima zake aingie ngomani bila ya kusukumwa. Kungumanga nilizifuata mwenyewe shamba, Kidichi. Nikazisaga, nikatia, nikaonja, nikatia tena.

Kosa la uji huu kila mwanamke wa hapa analijua, na kila mwanamke analifanya. Haupandi upesi. Unakunywa, huoni kitu, unasema mpishi kabania, unaongeza. Yeye nilimtekea bila ya kukoroga, upawa ukigusa chini ya sufuria, pale unga wa kungumanga unapotuama. Akaomba tena, nikampa tena kwa moyo mkunjufu. Halafu nikaenda kukaa mkekani mkabala naye. Nilitaka moyo wake utakapoanza kwenda mbio, uso wa kwanza atakaouona uwe wangu, na kichwa chake kishike dhambi aliyonitendea. Nilichosahau ni mara ngapi mimi mwenyewe nilikuwa nimeonja.

Baada ya alasiri ngoma ilikuwa imekolea. Nikamwona anajishika kifua, analamba midomo. Akatazama mlango, akatazama dari, akanitazama mimi. Niliona raha ambayo sijapata kuiona hata siku ya mshahara.

"Mwenzangu," akasema, "mie nimekudhulumu."

Ngoma ikanyamaza. Akasema yote mbele ya wanawake wa ukoo mzima. "Nlimwendea mama yake yule mchumba wako wa kwanza. Nlimpelekea na sahani ya vileja. Nkamwambia una kifafa, kwa sababu nlimtaka mwanawe mie." Akalia kwa kwikwi.

Hapo nilipaswa kukaa, nimtazame, nishibe. Lakini moyo wangu ulikuwa unagonga mpaka masikioni, machozi yananitoka, na kichwa changu, kilichosoma, kikaamua kuwa hii ni huruma. Nikavuka mkeka, nikamkumbatia. "Nshakusamehe," nikasema, "dunia na akhera." Vigelegele vikapigwa.

Asubuhi niliamka kichwa kizito na moyo umetulia. Nikautafuta ule msamaha nisiuone. Hasira niliikuta palepale nilipoiacha, nzima, haijapungua hata chembe.

Nikaenda kuwasaidia wanawake kuosha vyombo. Nikamkuta yeye katikati yao uani, anacheka. "Jamani, uji ule! Kungumanga zile zingenitia wazimu. Hata sijui nlisema nini mie." Wenzake wakacheka naye, na shangazi yetu mkubwa akanigeukia kwa upole, akaniambia nikae kitako, nisijichoshe na hali yangu. Hali yangu! Jina langu lilisafika siku moja tu, sasa linarudishwa matopeni na vicheko.

"Kungumanga hukimbiza moyo tu," nikasema, na nikapaza sauti ili asikie hata aliyekuwa jikoni. "Haiwajui mama za watu. Haijui vileja. Uji haumtungii mtu maneno. Yale yalikuwa yako."

Shangazi akaweka chini sufuria aliyokuwa akiisugua. Mtoto wa mama mdogo akafuta mikono kwenye kanga yake, taratibu, na kicheko kikamtoka usoni.

"Kweli," akasema. "Ikiwa uji hautungi maneno, basi yalikuwa yangu. Nlisema uwongo, hukuwa na kifafa." Kisha akanikazia macho, makavu kabisa. "Na yale yako, ya dunia na akhera, yalikuwa ya nani?"

Nikisema ni ya uji, basi na yake yatarudi kuwa ya uji, na mimi nitarudi kuwa mwenye kifafa mpaka nife. Wanawake wote walikuwa wananingojea.

"Yangu," nikasema.

Sijamsamehe mpaka leo, na hakuna ninayeweza kumwambia.