Nadhiri yangu imekosa walaji

Admin, jina langu liache, na wewe msomaji ukinitambua kwa kisa, nisitiri. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nimezaliwa Masasi nikaolewa huku Newala, kijiji cha upande wa Mnyambe. Nina watoto watatu. Mume wangu ni mkulima wa korosho, mtu mpole, hanywi wala hanipigi. Nalisema mapema msije mkaniambia tatizo ni mume.

Mwaka jana mwanangu mkubwa, tumwite Hamisi, alivimba. Alianza uso, ikafuata miguu, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi. Tulilazwa Masasi mpaka nikazoea harufu ya wodi. Majirani wa kijijini walituombea dua, na wengine hawana hata unga wa kesho lakini walitutumia mihogo. Siku daktari aliponiambia hali si nzuri, nilishika chuma cha kitanda nikasema kwa sauti, "Ya Rabi, mwanangu akiinuka hapa, nitachinja mbuzi niwalishe maskini wa kijiji changu kwa mkono wangu." Mama wa kitanda cha jirani, Mkristo wa Lukuledi, akaitikia amina. Hamisi aliinuka.

Nani kama mimi? Korosho zilipouzwa tukanunua mbuzi, na Hamisi mwenyewe ndiye aliyemvuta kwa kamba, akakatiza naye kijiji kizima anacheka. Mimi niko nyuma yake nalia kwa furaha. Sikufikiria kabisa watu walikuwa wanaona nini.

Kabla ya kupika nilimuuliza shehe wetu masharti. Akanieleza kuwa nyama ya nadhiri ni haki ya maskini, mimi na watu wa nyumbani kwangu tusiile. Nikasema sawa. Ijumaa baada ya swala nikapakua wali na mchuzi kwenye masinia, watu wamekaa mkekani, wameshanawa. Hapa kwetu mwenye chakula huonja kwanza mbele ya wageni, ndiyo adabu. Mzee mmoja akanisogezea sinia, akaniambia nifungue. Mimi na mdomo wangu nikajibu kwamba sisi wa nyumba hii hatuli, ni nadhiri. Na nilijiona mcha Mungu kweli kweli.

Mikono ikasita. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akauliza polepole, "Chakula gani hicho, mpishi hakionji?"

Neno kafara hakulitamka mtu, lakini lilikuwa kichwani mwa kila mmoja. Huku wanaamini ugonjwa unaweza kutolewa kwa mgonjwa ukatiwa kwenye mnyama, na atakayemla ndiye anayeubeba. Na wote walikuwa wamemwona mtoto aliyekaribia kufa akizunguka kijijini na mbuzi, leo mama yake anawapa wao nyama na yeye haigusi. Hata shehe hakula, maana yeye si maskini. Wakaanza kuaga, huyu kaacha mgonjwa, yule kaacha moto jikoni. Aliyebaki ni Bibi Somoe peke yake, mjane asiye na mtoto. Alikula, akaomba kuongezwa. Vilivyosalia mume wangu akavifukia kwenye mikorosho mbwa wasije wakavitapanya, na hilo nalo likaonekana. Sasa ikawa tunafukia vitu.

Shehe amejaribu kunitetea. Alilieleza jambo hili msikitini, wanaume wakaitikia vizuri, wakarudi nyumbani na imani zao. Kwangu mimi anasema nilitaja maskini wa kijiji hiki, na mlaji mmoja hatoshi, kwa hiyo nadhiri bado iko shingoni mwangu. Nikila nao ili waniamini, nimeiharibu. Nisipokula, hawali. Naogopa jamani. Hamisi akikohoa tu moyo unanipasuka, nahisi ninadaiwa kwa mwili wake.

Mwezi huu Bibi Somoe kavimba miguu. Mtu wa umri wake kuvimba miguu si ajabu, lakini waambie watu hao. Nilikodi bodaboda nimpeleke zahanati, wapwa zake wakanizuia mlangoni, wakasema ugonjwa huu unajulikana ulikotoka. Shuleni watoto hawachangii kikombe na Hamisi. Mama mkwe shikamoo yangu haiitikii siku hizi. Na mume wangu, yule mpole niliyemsifu, juzi aliniambia bila kuniangalia, "Bibi akituondokea, utangulie kwenu kidogo." Hicho kidogo hakukisema ni kiasi gani.

Jana Bibi Somoe kamtuma jirani kwangu. Wapwa zake wanampa uji mtupu, na maneno yake niliyafikishiwa hivi: "Mwambieni Mama Hamisi aniletee nchuzi wa mbuzi kama ule. Tangu siku ile sijala nikashiba."

Nyama nimeshaipata, iko jikoni inachemka, chumvi nimeipunguza kwa sababu Hamisi naye alikatazwa chumvi. Mume wangu hajarudi kutoka shamba. Nikimpelekea, akafa na bakuli langu likiwa kando ya kitanda, sina tena pa kukaa, na mwanangu atakua akiitwa aliyepona kwa roho ya mtu. Nisipompelekea, nitakuwa nimemnyima maskini pekee aliyekubali kula kwa mkono wangu, tena ameomba mwenyewe.

Nishaurini ndugu zangu, nimpelekee au niache? Na mnaosema nimpelekee, niambieni na hili: wapwa zake watakuwa wamekaa pale wananitazama, na Bibi Somoe ni mtu wa ukarimu, lazima atanisogezea bakuli aseme karibu mwanangu, tule wote. Nitamjibu nini?