Vipima Kasi Nyuma ya Wavu

Kwa miaka thelathini Delbert Kinchloe alizunguka Oklahoma akiitafutia klabu yake warushaji wa besiboli, na hasira zake zilijulikana katika kila uwanja wa shule. Siku hiyo, wiki mbili kabla ya klabu kuchagua vijana wapya, alikaa nyuma ya wavu pamoja na wasaka vipaji kumi na wawili wa klabu nyingine, kila mmoja ameshika kipima kasi cha mpira. Tate Lomax, mwanafunzi waliyekuja kumtazama, alikwisha kurusha mara mia na kumi, na sasa baada ya kila mrusho alikung'uta mkono. Delbert akamfuata kocha kwenye benchi.

"We Rusty, mtoe huyo! Mkono unamuuma, huoni?"

"Nikimtoa mtasema hana pumzi."

"Nani kasema?"

"Wewe mwenyewe! Mwaka jana, hapa hapa, kuhusu Brody, mrushaji wangu."

Ni kweli Delbert alisema. Alirudi nyuma ya wavu kwa hasira, na safari hii alijikasirikia mwenyewe. Tate akawatazama wenye vipima kasi, kama alivyofanya kabla ya kila mrusho, na vipima kasi vyote vikainuliwa. Delbert akasimama mbele ya wenzake, akatanua koti lake.

"Toka hapo, babu, unatuziba!"

"Ndiyo, nawaziba! Nendeni mkapime magari!"

Tate hakuona kipima kasi hata kimoja. Akarusha polepole, kwa mara ya kwanza siku hiyo, na mpigaji wa timu pinzani akaupiga mpira hadi nje ya uzio. Rusty akatukana, kisha akaenda kumtoa Tate uwanjani.