Dumu la Mjomba

Niacheni nicheke kwanza, ndipo niungame. Juzi mama yake Zuhura, binti ninayetaka kumposa, aliniomba nimpeleke harusini Mikindani. Nikaazima pikapu ya dizeli ya mjomba wangu, hapa Mpapura. Mafuta yalikuwa kidogo. Stoo nikakuta dumu lenye mafuta yaliyokolea rangi, yanateleza vidoleni. Mafua yalikuwa yameniziba pua, nikaamini ni dizeli, nikamimina yote huku nikiimba.

Njiani mikorosho ilitupungia maua. "Gari nalijua hadi roho yake, mama," nikajisifu. Punde likakohoa, likazimika.

"Wanachakachua mafuta siku hizi," nikasema, nimeinamia injini nisiyoijua. "Wenye vituo wezi."

"Wana laana," akaitikia, akifuta jasho kwa ncha ya kanga mpya.

Simu yangu ikaita. Mikono ilijaa grisi, nikamwomba apokee, aweke sauti kubwa.

"Mwanangu," mjomba akauliza, "dumu langu liko wapi? Lile la petroli niliyochanganya na oili, ya mashine ya kupulizia mikorosho."

Mama akaisogeza simu mdomoni.

"Kaka," akamjibu taratibu, "kijana ameshapuliza. Njoo utuvute."